Jiwe la Bibi na Ramani ya Mjerumani

Jumapili iliyopita mjomba wangu alikuja kunisalimu hapa Buseresere, akaketi kwenye mkeka uani, akacheza isolo na mwanangu. Ningependa kuishia hapo, maana ni jambo zuri, na ukiniuliza nitakuambia ni zuri. Mzee wa umri ule kukunja magoti yake mabovu kwa ajili ya mtoto wa darasa la kwanza si kitu kidogo. Lakini alisema neno moja, na tangu aliseme nimekuwa nikigombana na masufuria.

Isolo ni bao la kwetu Usukumani. Safu nne za mashimo, wewe unashika mbili na mwenzako mbili. Unachota kete za shimo moja, unazigawa mojamoja shimo kwa shimo, na ya mwisho ikiangukia vizuri unakula za mwenzako zilizo mbele yake. Mimi sina ubao. Nimechukua trei za mayai, nikakata vipande na kuviunga kwa uzi mpaka mashimo yakatosha, na kete zetu ni mbegu za nyonyo. Mtoto anaupenda mchezo ule kuliko katuni. Jirani yangu wa chumba cha pili huniambia, "Mwachie basi ashinde siku moja moja, utamkatisha tamaa." Simwachii. Labda nakosea. Jirani ana subira kunishinda na mtoto wake ana adabu kuliko wangu, kwa hiyo sitasema kwamba mimi najua kulea. Nasema tu kwamba aliyenifundisha mimi hakumwachia mtu.

Basi mjomba alikuwa anamla mwanangu bila huruma huku anamtania. "Mzee mwenzangu, ng'ombe wako wote wamehamia kwangu. Kesho utakunywa chai ya rangi."

"Wewe babu unaiba."

"Naiba vipi na macho yako yako hapa? Hesabu mwenyewe."

Mtoto akahesabu, akakuta hakuibiwa, akanuna. Kisha akauliza, "Babu, wewe ulifundishwa na nani?"

"Na mama yangu. Pale nyumbani tulikuwa na jiwe kubwa, mashimo ya isolo yamechongwa mle mle kwenye jiwe."

"Liko wapi?"

"Wageni walilivunja," mjomba akasema, akachota kete zake, akaendelea kugawa.

Mimi nilikuwa pembeni napeta mchele. Niliweka ungo chini nikaingia ndani, maana kwetu hatumjibu mjomba mbele ya mtoto. Nilisimama nyuma ya pazia. Wageni. Alivyolisema, kama mtu anayesimulia habari za mvua ya mawe.

Ngoja nikuelezee lile jiwe, halafu uamue mwenyewe kama hasira yangu ina haki. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba na kuandika kwenyewe naandika kwa kujilazimisha, ukiona nimezunguka nivumilie.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, upande wa Mbogwe, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Masumbwe. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na jabali jeusi, bapa juu, pana kama sakafu ya chumba. Bibi alilitumia kwa kila kitu. Alianikia mtama pale, alianikia michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kukaushwa, na kiangazi jiwe zima lilikuwa jeupe kwa michembe na lina harufu ya utamu wa jua. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na mbuzi. Upande mmoja wa jiwe, karibu na zizi, ndipo yalipokuwa mashimo ya isolo. Masika yalijaa maji, kuku wakanywa humo, kila kuku na shimo lake, na hakuna aliyecheza, kwa sababu bibi alisema anayecheza isolo wakati wa kupanda atavuna mchezo. Mvua zikishakatika na mtama ukiingia ghalani, alikuja na ufagio, akafagia matope yaliyokaukia mle, akamwaga kete, akaniita.

"Mke mwenzangu, njoo nikuachishe ndoa."

Ndivyo alivyoniita, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao wa kike, kwa utani kwamba mume wetu ni mmoja. Nami nilimjibu kwamba yeye kazeeka, babu ananitaka mimi. Babu mwenyewe alishakufa siku nyingi. Tuligombania marehemu mchana kutwa.

Alikuwa na ugoro wake kwenye kopo dogo, na kabla hajanila vibaya alivuta kwanza, akapiga chafya, akajifuta kwa kona ya khanga, halafu mkono wake ukapita juu ya mashimo kama unapanda mbegu, tko, tko, tko. Ule mlio wa nyonyo kwenye jiwe sijausikia tena popote. Trei ya mayai haitoi mlio wowote. Yale mashimo yalikuwa laini ndani kama kibuyu cha maziwa. Unaingiza vidole, na jiwe limehifadhi joto la jua, unahisi kama umeingiza mkono kwenye kiganja cha mtu. Nani aliyachonga, bibi hakujua. Aliyakuta alipoolewa, na mama mkwe wake naye aliyakuta. Ninachojua mimi ni kwamba ulaini ule hautokani na chuma. Unatokana na vidole.

Sikumfunga hata siku moja. Nililia, nikasusa, nikakataa kula. Bibi aliniambia, "Kwenye isolo hakuna mtoto," akanipa konzi ya michembe na karanga, akapanga kete upya. Mjomba naye alicheza pale. Alikuwa kijana mwenye mke, nyumba yake iko ng'ambo ya zizi, na jioni akitoka shamba alikuja kutaniwa na mama yake. Nilimwona akifungwa na kucheka. Naliweka hili wazi. Alilijua lile jiwe kabla mimi sijazaliwa.

Ndipo ikaja rashi. Usiyezijua sehemu zetu, rashi ni pale mtu mmoja anapookota dhahabu, na watu wakajaa pale alipookotea kama nzige. Ilikuwa nyuma ya kilima chetu. Maturubai yakapigwa, redio zikalia, mama lishe wakapanga masufuria, na mjomba akaacha jembe, akaenda kuchimba duara, yaani shimo lake la dhahabu. Naomba niwe mkweli kuhusu duara lile. Alifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Alirudi mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yanaonekana, na alipokaribia kufika kwenye mwamba aliotarajia, duara likajaa maji. Wenzake wawili wa jirani walipata. Yeye akapata kikohozi.

Wakati huo huo akapita kwetu mwanaume mmoja wa makamo, amevaa koti jua kali, ana waya mbili za shaba zilizokunjwa, anatembea nazo mbele kama mtu anayeshika pembe za mbuzi. Watu walimwita mtaalamu. Aliomba maji ya kunywa. Bibi akampa. Alipokuwa anakunywa akaliona jiwe, akaacha kunywa.

"Mama, haya mashimo alichimba nani?"

"Niliyakuta," bibi akasema.

Ilikuwa kweli, na ukweli ule ndio uliotuponza. Angesema kayachonga marehemu mume wangu, yule bwana angemaliza maji yake akaenda zake. Kwa sababu huku kwetu kuna imani, labda nanyi mnayo, kwamba Mjerumani aliposhindwa vita na kukimbia alifukia mali zake, akaacha alama kwenye mawe ili aje azichukue. Mimi sitasema hakufukia. Sikuwepo. Ninasema tu kwamba isolo ni isolo.

Kesho yake asubuhi uani kwa bibi palijaa watu, na nyundo, na moko, vile vyuma vya kupasulia mwamba. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, akasema tutulie, jambo litazamwe kwa amani, halafu akakaa kivulini asitazame chochote. Mtaalamu aliwaonyesha safu kwa safu. Kila shimo ni hatua, alisema, na kila safu ni upande wa dunia.

Bibi hakupiga kelele. Aliingia ndani akatoka na kete zake kwenye bakuli, akaketi mahali pake, akaniita mbele ya watu wote. "Mke mwenzangu, njoo. Hawa wageni wetu hawajawahi kuona isolo."

Nikakaa. Akaanza kunitania kama siku zote, kwamba leo natoka kwa talaka tatu, na watu wakaanza kucheka. Mama lishe mmoja akanishangilia, "Mle bibi yako, mayu, mle," akiniita mama kwa Kisukuma. Nikacheza. Sijui niliona nini siku ile, lakini kila nilipochota palikubali. Nikamla safu ya mbele yote. Na kete yangu ya mwisho ilipoangukia kwenye shimo la pembeni, lile la upande wa zizi, bibi hakuwa na kitu tena. Nilimfunga, mara ya kwanza katika maisha yangu.

Bibi akawageukia. "Mmeona wenyewe? Ni mchezo. Nimefungwa na mtoto mbele yenu. Mjerumani gani huyo anayefungwa na mtoto?"

Watu walicheka, baadhi wakaanza kuokota vifaa vyao. Nakuambia walikuwa wanaondoka. Nilikwisha kuona migongo.

Mtaalamu akatikisa kichwa kwa upole, kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, Mjerumani hakuwa mjinga. Angechora ramani wazi, si kila mtu angeisoma? Aliificha ndani ya mchezo wenu. Nyie mmekuwa mnaisoma miaka yote hamjui." Kisha akainama pale nilipokaa. "Binti, kete ya mwisho imeangukia wapi?"

Hakusubiri jibu. Aliiona, akaweka kidole.

Ungeona zile nyuso. Mtu ambaye alikuwa anacheka mwanzo wa sentensi, mwisho wake amefunga mdomo. Mmoja wao, simkumbuki, akamwambia mjomba wangu, "Wewe ndiye mwenye mji. Hiki kitu ni nini?"

Mjomba alimtazama mama yake. Akanitazama mimi. Kisha akasema, "Wazee hawakutuambia."

Kule kwenye machimbo wana utaratibu wao kwamba mwenye eneo ndiye anapiga nyundo ya kwanza, asije akalalamika baadaye kwamba kaporwa. Wakampa nyundo. Bibi aliinuka mwenyewe, akanishika mkono, tukasogea. Mjomba akapiga kwenye shimo lile la pembeni. Kete yangu ilikuwa bado imo. Hakuitoa kwanza.

Yaliyobaki utayakisia. Walipofika chini ya jiwe walikuta udongo mwekundu na nge. Wakasema labda dhahabu imo ndani ya jiwe lenyewe, wakabeba mapande mpaka kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe, yakasagwa, hayakutoa hata chembe. Mengine yalipondwa kokoto zikajengea msingi wa vyoo vya shule. Hilo ni jema, watoto walihitaji vyoo, nami nimevitumia. Mtaalamu tulisikia baadaye kahamia Maganzo, kwenye almasi.

Jioni ile bibi alisonga ugali akamtengea mwanawe kama kawaida, na mlenda juu. Mjomba akanawa, akala. Bibi alimtazama mpaka alipomaliza, akasema, "Tangu nizaliwe namsikia Mjerumani tu. Leo nimemwona." Halafu akatoa vyombo. Sikumsikia akilizungumza tena, na hakucheza isolo tena. Mwaka uliofuata nilimchimbia vishimo kwenye udongo, akaja akavitazama, akasema vizuri, akaenda kupepeta mtama.

Kuna jambo jingine linalonila zaidi, na nimeliandika na kulifuta mara kadhaa. Sijui kama nilimfunga kweli. Huenda siku ile aliniachia, yeye ambaye hakumwachia mtu, ili watu wacheke na waende. Kama aliniachia, basi ushindi wangu pekee ni wa uongo. Kama hakuniachia, basi ndio huo huo walioupiga nyundo. Nikigeuza huku au kule siupati.

Nilipita pale baada ya mazishi ya bibi. Palikuwa na dimbwi. Watoto waliokuwa wananywesha ng'ombe waliniambia, bila kuulizwa, kwamba lile ni shimo la Mjerumani. Ndiyo maana neno la mjomba lilinichoma. Uongo wa mtaalamu umeshika kijiji, na sasa uongo wa mjomba umeingia kwangu, umeketi kwenye mkeka wangu, mwanangu anaunywa kama maziwa.

Kwa hiyo Jumapili ile nilimtuma mtoto dukani sukari, nikamwekea mjomba chai, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamuuliza. "Mjomba, wageni gani?"

Alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado. "Ulitaka nimwambie nini mtoto?"

"Kilichotokea."

"Ulikuwa mdogo wewe. Wale watu walikuwa na nyundo mkononi na njaa tumboni. Ningesema ni isolo, wangesema huyu anataka tuondoke aje afukue peke yake. Pale rashi watu walifukiwa kwenye maduara kwa maneno madogo kuliko hayo."

Hilo ni kweli. Nalijua ni kweli, kwa hiyo nimeliandika kama alivyolisema.

"Sawa mjomba. Na kupiga?"

Alisukuma kikombe pembeni. "Nilidhani labda," akasema. "Nilijua ni isolo, lakini nikadhani labda. Umekaa kwenye maji miezi, wenzako wanapata, mtu anakuja anakuambia mama yako kakalia dhahabu. Unajua sivyo. Lakini unataka."

"Ulimwambia bibi hivyo?"

"Sikumwambia."

"Aliishi miaka mingapi baada ya pale, mjomba?"

Alijua. Mimi pia nilijua miaka mingapi. Nilimwambia kwamba mlango wangu hautafungwa kwake, yeye ni mjomba wangu na chakula chake kipo. Lakini akija tena, atamwambia mtoto. Akaniuliza, "Kwa mtoto yule?" Nikasema ndiye aliyedanganywa. Nilipoinuka miguu ilikuwa imekufa ganzi, nikajiona nimekosa adabu, na mpaka sasa sijui kama sikukosa.

Leo amekuja. Sikutegemea. Amekuja na miwa, akammenyea mtoto, wakapanga kete. Nilikaa mlangoni namenya viazi. Walicheza mchezo wa kwanza bila neno, nikaanza kuona kwamba utapita na wa pili na siku itaisha. Ni mtoto ndiye aliyefungua.

"Babu, wale wageni walikuwa wanatafuta nini kwenye jiwe?"

Mjomba alikuwa na kete mkononi. Akazirudisha shimoni. "Dhahabu. Lakini si wageni walioanza. Nilianza mimi. Jiwe la mama yangu nimelipiga mimi."

"Ulikuwa hujui kwamba ni la kuchezea?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Mjomba akanitazama. Alitaka nimsaidie, nilimwona. Nami nilikuwa na majibu yake yote, maji ya duara, njaa, nyundo za watu, nimeyapanga vizuri kwenye kichwa changu, na ningeweza kuyasema vizuri kuliko yeye. Niliendelea kumenya viazi. Mtoto alisubiri, mzee akasubiri, kuku akapita katikati yao. Mwisho mjomba akasema, "Sijui, mzee mwenzangu," na sauti yake haikuwa ile ninayoijua. Mtoto akafikiri, akamwambia, "Ulifanya vibaya," akachota kete zake akaendelea.

Nilidhani hasira ingetoka hapo. Haijatoka. Nimemwona mzee akisema ukweli kwa mtoto wa miaka sita, jambo ambalo wengi wanakufa hawajalifanya, na bado ninapoandika mkono unaminya kalamu. Pengine sina haki. Najiuliza kama bibi angenisifu au angeniambia nimemdhalilisha mwanawe, na mwenye jibu yuko chini ya udongo.

Mtoto ameniuliza kama babu atarudi. Nimemwambia atarudi, na kweli nataka arudi. Nataka kumuuliza shimo la pembeni lilikuwa na mkunjo upande gani, maana siku hizi nikifumba macho silioni vizuri. Hakuna mwingine wa kumuuliza. Wanawake waliokuwa wakija kucheza na bibi wamekufa, au wamehama na ng'ombe wao kwenda kusini wasikojulikana. Mama yangu aliondoka pale akiwa mdogo mno kulikumbuka. Tumebaki wawili tu duniani tunaolijua lile jiwe kwa vidole vyetu, na mwenzangu ndiye aliyelivunja.